Mtani Aliyelala Kaburini

Shule yetu ya boma, huku Ugogo, imechanganya watu: Mgogo, Mnyamwezi na mtoto wa askari wa Kisudani hukaa benchi moja. Juzi tulimzika mwanafunzi wa Kigogo. Mwenzake wa benchi, Mnyamwezi, akaruka kaburini kabla ya maiti, akajilaza.

"Sitoki! Mvivu huyu anakimbia hesabu!"

Wafiwa walicheka huku wakilia. Mwalimu Mjerumani alikunja uso.

"Anamtukana maiti. Viboko hamsa ishirini!"

"Bwana, huyo ni mtani wake," nikamwambia. "Ndiyo mila."

Hakunisikiliza.

Jioni baba wa marehemu alileta kuku, haki ya mtani, akamweka kando ya mkeka alipolala yule Mnyamwezi kifudifudi, mgongo ukivuja damu.

Kila asubuhi mwalimu hutuhimiza tupendane. Tulipopendana mbele yake, akaagiza kiboko.