Nililinganisha Darubini na Kona ya Nyumba

Bado naona aibu, wasomaji. Niko kwenye majaribio ya uaskari wa wanyamapori, na kazi hii ndiyo tegemeo la wadogo zangu wanne, ninaowalea tangu wazazi wafariki.

Juzi mkuu wangu wa kazi alipita nyumbani kwetu, kijijini Nambis, akaniambia nikague darubini ya bunduki. Nilipochungulia, msalaba wa kulengea ulio ndani ulionekana umeinama. Nikalegeza skrubu, nikaugeuza hadi ukalingana na kona ya nyumba yetu.

“Tayari, mkuu.”

Akachungulia, akakunja uso. Akafunga jiwe kwenye uzi, akalining’iniza pale konani kama timazi.

“Darubini ilikuwa sawa, kijana. Nyumba ndiyo imeinama. Fundi nani?”

Mdogo wangu Martha akawahi kujibu kwa fahari:

“Kaka! Kajenga mwenyewe!”