Kibali cha Kukatiza Safari

Reli yetu ya kusini ilipong'olewa, watu wengi wa Mtwara waliisikitikia. Mimi hata kidogo. Nilisema afadhali, na hadi leo nasema afadhali.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mimi na mama tulikuwa tunarudi Mtwara kutoka Masasi, kila mmoja na tikiti yake ya kwenda na kurudi. Garimoshi liliposimama kijijini kwao mama, tulimwona mjomba akikimbia dirisha hadi dirisha.

"Dada, shuka! Baba hatunaye. Wameshamkosha, wanakungoja wewe tu umwone."

Tukashuka. Stesheni masta akatuzuia mlangoni. Tikiti ya kurudi, alisema, hairuhusu kukatiza safari ila kwa kibali chake, na kibali kinataka barua ya jumbe wa kijiji kuthibitisha msiba. Atakayetoka bila kibali, polisi.

"Bwana, maiti hangoji barua," mjomba alimwambia.

"Basi kailete upesi."

Mjomba akatimua mbio kumtafuta jumbe. Angekuwa wapi jumbe siku ile kama si msibani kwetu? Wakati huo mnunuzi mmoja wa korosho, mwenye tikiti kama zetu, alishuka akapita kwa salamu tu. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ule ulikata upande wetu peke yake. Mama hakubishana, alilelewa kuogopa kofia ya serikali, na hilo nalo linaniuma.

Tulisikia tahalili kabla ya kuwaona watu. Njia ya makaburini ilikatiza reli pale pale mbele ya kituo. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa, hawakuweza kungoja tena. Jeneza likapita mabegani mwa wanaume, haraka haraka. Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Uso wa marehemu huonwa nyumbani, na ukiukosa nyumbani umeukosa. Mama alishika vyuma vya dirisha la kituo, kanga mdomoni, mpaka wa mwisho wao akapotea kwenye mikorosho.

Mjomba akafika akihema, barua mkononi. Stesheni masta aliisoma yote, akagonga mhuri kwenye tikiti zetu, akatabasamu. Alitabasamu, mshenzi yule!

"Haya mama, sasa ruhusa. Nenda."

Mama akamgeukia.

"Niende wapi, bwana?"