Ndoo Mlangoni pa Msiba

Kwetu Miyuji, upepo wa kiangazi ulituletea vifua na mvua zikatuletea kuhara. Turubai la msiba likikunjwa nyumba hii, linafunguliwa ile. Shangazi yangu alichoka kuona msiba ukizaa msiba, akaanza kusimama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni: hutoi mkono wa pole, huli wali, mpaka unawe. Alimzuia hata balozi wetu wa nyumba kumi.

“Pole yako haiozi,” alimwambia. “Mikono kwanza.”

Wengi walimnunia. Mimi sijaona mwanamke jasiri kama yule.

Kiangazi kimoja kifua kilimchukua yeye. Nilifika nalia, nikataka kupita moja kwa moja ndani. Balozi alinizuia mlangoni, kopo la maji mkononi, machozi yakimtoka.

“Mikono kwanza,” alisema.