Risasi ya Shingoni mwa Bibi

Mpaka ndevu zilipokwisha kuniota, nikaoa, nikapata na cheti cha shule ya usiku chenye mhuri, niliamini kwa moyo mmoja kwamba shingoni mwa bibi yangu mlikuwa na risasi ya Mjerumani.

Wala sikuwa peke yangu. Kijiji chetu kizima cha Chumbi kilijua. Bibi, mama yake mama, alikuwa na uvimbe chini ya koo, mkubwa kama dafu. Dafu nimezidisha, tuseme limau, lakini limau la nguvu. Akimeza maji, limau linapanda, linasimama kidogo kama linafikiri, halafu linashuka. Sisi wajukuu tulikuwa tukimpelekea maji hata kama hana kiu, tupate kutazama.

Habari zake zilikuwa hivi. Wakati wa vita vya Maji Maji bibi alikuwa msichana mdogo. Wanaume walipokwenda kunyunyiziwa ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, yeye alikuwa akichungulia nyuma ya kaka zake, na tone moja likamrukia shingoni. Askari wa Mjerumani walipokuja kuchoma maghala, watu wakakimbilia vilima vya Umatumbi, na njiani risasi ikampata bibi pale pale palipodondokewa na dawa. Ikaanza kugeuka maji. Ila dawa ilikuwa tone tu, ikaishia njiani. Risasi ikagoma kuwa maji, ikagoma kuwa risasi, ikakaa.

Kaka zake wote walikufa vitani na dawa ikiwa miilini mwao. Watu wa baadaye, wenye suruali na midomo mirefu, walipocheka kwamba wazee walidanganywa, bibi alijigonga limau lake kwa kidole na kusema, "Kama ilikuwa uongo, mimi hapa mbona nipo?" Ungejibu nini? Shahidi umemtazama anapanda na kushuka.

Kwa hiyo nyumbani kwetu chuma kilikuwa na adabu zake. Jembe likinolewa, linanolewa nyuma ya mashamba ya mpunga, mbali. Kugonga chuma kwa chuma karibu na bibi ni mwiko. Chakula chake kilipakuliwa kwa upawa wa kifuu, na hata sindano ya kushonea ilifungwa kitambaani. Chuma huita chuma. Risasi ikimsikia mwenzake itazinduka, itakumbuka kazi iliyotumwa.

Ndipo mdogo wangu wa kike akaolewa Kibiti, na nani? Na fundi baiskeli! Mtu ambaye kutwa nzima ni nyundo na spana. Nilinung'unika harusi nzima, nikala pilau huku nanung'unika. "Mnampeleka mtoto kwenye nyundo?" Wazee wakaniambia risasi iko kwa bibi, si kwa mjukuu, na nimpishe mwenzangu sinia.

Haya. Msimu mmoja baada ya mavuno nikavuka pantoni pale Ndundu na mchele wangu, nikaenda kuwasalimu. Mdogo wangu alinifungulia mlango, macho yamemtoka kama ameona chui nyuma yangu. Nikageuka kumtazama huyo chui. Hakuna. Nikamgeukia tena, macho yako vile vile. Alikuwa amekonda, mabega kama henga ya nguo. Kikombe alichonishikia kilitetemeka mpaka chai ikahamia kwenye kisahani. Ulikuwa wakati wa kipupwe, mimi nimevaa sweta, yeye jasho linamtiririka. Na chini ya koo, palipokuwa laini siku ya harusi, pametuna.

Nje nyundo inalia: ta, ta, ta.

Shemeji alinivuta pembeni ya kibanda chake. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo aliongea huku akitazama mlango.

"Shemeji, afadhali umekuja. Dada yako anakula wali wa watu wazima watatu."

"Anayepika nani?"

"Yeye."

"Basi kwa nini unamhesabia matonge?"

"Simhesabii! Nauliza wali unakwenda wapi. Anakula kama mashine ya kukoboa, anakonda kama ufito. Halali. Nikiuliza, anawaka. Ama kuna mtu anamlisha, ama..."

"Ama nini?"

"Ama nanyamaza."

Mimi nikamshuku yeye papo hapo. Mtu anayeshuku mkewe anaficha lake. Pengine anamnyima, halafu anatangaza anakula. Basi chakula cha mchana kilipoletwa nikakaa jamvini kama polisi, jicho kwenye mkono wa mdogo wangu. Haki ya Mungu alikula. Alikula wali ule kama anayejaza shimo la mnazi. Hakuficha hata punje.

"Kaka, unanitazama mdomo wa nini?"

"Sikutazami."

"Tangu tonge la kwanza! Mume wangu ananinyapia, na wewe umevuka mto kuja kuninyapia. Mtu akila kwake anageuka mwizi wa kuku?" Machozi yakamlenga, halafu akacheka, halafu akaweka kiganja kifuani. "Moyo unanienda mbio, kaka. Nimekaa tu, unanipiga kama nimetoka Chumbi kwa miguu."

Nikasikia ile nyundo nje. Ta, ta, ta. Nikainuka, nikamfuata shemeji kibandani.

"Shemeji, nyundo yako imeiita."

"Imeita nini?"

"Risasi."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Wewe si umesoma shule ya usiku?"

"Ndiyo maana najua!"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hofu nyingine. Kama risasi imehamia kwa mjukuu, basi shingo ya bibi sasa ni tupu, na bila ile risasi bibi atasimama na nini? Nilipofika sikusalimia vizuri.

"Bibi, hebu meza mate."

"Mume wangu amerukwa na akili," bibi alisema, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, lakini akameza. Limau likapanda, likafikiri, likashuka.

Ziko mbili! Nikamwambia mama, "Risasi imezaa."

"Risasi inazaa?"

"Ya kwetu imetiwa dawa."

Hazikupita wiki nyingi, mdogo wangu akaletwa nyumbani. Shemeji alisema anamleta apumzike. Lakini alikuja na sanduku lake zima, na kwetu mke akiletwa kupumzika pamoja na sanduku, hayo si mapumziko. Alipoulizwa alisema, "Hajaniacha. Ila hajasema atakuja kunichukua lini."

Wanawake kisimani walianza. Wengine walisema ana jini anayekula kupitia kinywa chake. Wengine walisema yale macho ni ya mtu aliyefumwa. Akichota maji walimpisha, si kwa heshima. Naye alizidi kuisha. Ikafika siku hawezi kushika kitana kwa kutetemeka, mama ndiye anamchana, na nywele zinatoka na kitana.

Mganga wa zahanati alimtazama shingo, akamshika mkono, akasema apelekwe Utete hospitali, wakamtoe damu waipime.

Kumtoa damu! Kwa sindano! Nyumba ikagawanyika. Bibi alikataa waziwazi: sindano ikiingia mwilini, risasi itaifuata mpaka moyoni. Na mimi, na cheti changu, nikasimama upande wa bibi. Nilitoa hotuba ndefu juu ya tabia za metali. Sumaku niliitaja, radi niliitaja. Mama alikuwa analia. Mdogo wangu alikuwa ameegemea nguzo, kanga imemlowa jasho.

"Basi nife," alisema, "mnizike na heshima za vita."

Bibi akanyoosha mkono.

"Mke mwenzangu, njoo hapa."

Alikwenda, akakaa mbele yake. Bibi akamwekea kiganja shingoni, akakiacha pale. Kisha akaweka kiganja cha pili shingoni mwake mwenyewe. Akafumba macho kama mtu anayepima mizigo miwili. Niliona uso wake unabadilika, na sijui nilitaka uwe vipi.

"Inanguruma," alisema.

"Nini, bibi?"

"Hii yake inanguruma, kama paka aliyeshiba. Yangu haijawahi kunguruma tangu vita. Yangu jiwe." Akaondoa mikono yote miwili. "Hii si ya Mjerumani. Hii siijui mimi. Mpelekeni kwa wanaoijua."

Akavua mtandio wake, akamfunga nao shingo, akageukia ukuta.

Utete nilikwenda naye mimi, kama mlinzi. Daktari alimwambia anyooshe mikono, akamwekea karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza kama iko kwenye upepo wa kusi. Akamuuliza maswali ya ajabu: unasikia joto wengine wakisikia baridi? Siku zako za mwezi zimepotea? Kisha akachukua kile kipimo cha masikioni. Nilijua atamsikiliza kifua. Akamsikiliza shingo! Nikajisemea, huyu si bure, anaitega. Sindano ilipoingia mkononi sikutazama sindano. Nilitazama ule uvimbe, tayari kuukamata kwa kucha zangu ukianza kutembea.

Haukutembea. Damu ilijaa kichupani, mdogo wangu akasema "Kumbe tu hivi?" na daktari akaandika aende hospitali kubwa Dar es Salaam.

Shemeji alipopata habari alifunga kibanda chake, akamchukua yeye mwenyewe, wakaenda wote. Sikutegemea. Hata hapo nilimshuku kidogo, maana nilishazoea.

Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, miezi. Nilipomwona tena, macho yalikuwa bado yamejitokeza kidogo, lakini mwili umerudi, mikono imetulia, na anakula sahani moja kama binadamu. Nikapata jibu mara moja: vidonge vimeyeyusha risasi. Nikaitangaza Chumbi nzima. Kila nilipoisimulia ilinoga zaidi. Mwishowe madaktari walikuwa wameikinga kwenye bakuli, na Mjerumani mwenyewe ameandika kuiomba irudi kwao.

Mdogo wangu alikuja kutusalimu, safari hii bila sanduku, na mumewe anamsubiri. Alinikuta barazani. Bibi alikuwa ndani amelala. Akachukua ungo, akaanza kuchagua mchele.

"Kaka, unawaambia watu nini?"

"Ukweli."

"Keti."

Nikaketi.

"Hapa shingoni pana kitu kama kipepeo amelikumbatia koo. Kinatengeneza dawa yake, homoni, kinaimwaga ndani ya damu moja kwa moja, mfereji hakina. Damu inaisambaza mwili mzima. Ikifika kwenye moyo inauambia upige kwa kasi gani. Tumbo lisage kwa kasi gani. Mwili upate joto kiasi gani."

"Yaani nyapara."

"Nyapara. Naye ana bwana mkubwa wake, kadogo kama punje ya kunde, kako chini ya ubongo, kanamwambia ongeza, punguza. Na si wao tu, wako wengine: juu ya figo, nyuma ya tumbo, kila mmoja na kazi yake. Wangu wa shingoni aliacha kusikia. Daktari anasema kinga ya mwili wangu ndiyo iliyokuwa inampa amri za uongo, zidisha, zidisha. Ule wali wote mliokuwa mkinitazama nikiula ulikuwa unachomwa humu humu ndani kama kuni. Sikumlisha mtu. Mume wangu alipoelezwa alilia pale pale mbele ya daktari."

Alitupa chuya nje ya ungo. Kuku wakaja.

"Na bibi?" niliuliza.

"Nilimsimulia daktari. Akauliza kule vilimani walikuwa wakila nini. Nikamwambia ming'oko, vile viazi vya porini, chumvi hawana, samaki hawawaoni. Akasema kuna madini joto, yanakuwa kwenye samaki wa baharini. Hicho kipepeo kikiyakosa kinavimba, kinajitahidi kufanya kazi yake bila vifaa. Huenda cha bibi kilivimba hivyo, kikabaki hivyo."

"Hakupigwa?"

"Alipigwa na njaa."

"Na ile dawa ya vita?"

Alitazama mlango wa chumba alimolala bibi.

"Hiyo sikumuuliza," alisema. "Na wewe usiende kumuuliza bibi. Lete mkono."

Akanishika vidole, akaviweka shingoni mwangu mwenyewe, chini kidogo ya kongoromeo.

"Meza mate."

Nikameza. Kitu kikapanda chini ya vidole vyangu, kikashuka. Niliruka, nusura nikiangushe kiti.

"Tulia, mtu mzima wewe. Si risasi. Ni tezi. Unayo wewe, ninayo mimi, anayo bibi. Hata huyo Mjerumani alikuwa nayo."