Vitabu Viwili Katika Mfuko Mmoja

Iko asubuhi moja isiyonitoka moyoni, mwanangu. Nilitoka hapa Voi na mfuko wa vitabu begani, sijui niendako. Lori la mboga lililokuwa likirudi milimani tupu likasimama, dereva akauliza, "Wapi?" Nami nikamuuliza, "Wewe unaenda wapi?" Akacheka. "Haya, panda." Ndivyo nilivyoishi ujanani. Shule niliiacha mapema, lakini maswali hayakuniacha.

Ngoja kwanza nikwambie vitabu vilitoka wapi.

Vilitoka kwa Mzee Mwakio wa Mbololo. Alikuwa karani wa reli, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, mpaka swali moja likamng'oa kitini: wazee wetu waligawanaje maji ya mifereji milimani, kabla ya chifu na kabla ya askari? Akaacha kazi. Akapanda na kushuka milima hii akiwauliza vikongwe, akaandika, akauza mbuzi wake ili kitabu kichapishwe. Aliamini kwamba watu huru wanaweza kupatana bila kusukumwa, na kwamba serikali ingefanya vizuri kuwaachia mambo yao mengi. Kwa maneno hayo aliitwa ofisini mara kwa mara. Walipotaka kumfanya naibu wa chifu ili anyamaze, alisema, "Kujitawala mwenyewe kumenishinda, nitawatawala nyinyi?"

Mimi nilimsaidia kuuza vitabu vyake siku za soko. Alinilipa chakula, na alijibu maswali yangu, ambalo halikuwa jambo dogo.

Basi kikatokea kitabu kingine. Mwalimu Maghanga, mstaafu wa Bura, aliandika kwamba Mzee Mwakio anaota, kwamba bila mkono wa serikali tungekuwa bado tunakatana mapanga kwa ajili ya maji. Akamwita "karani aliyeachwa na treni". Sokoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliumia kana kwamba nimetukanwa mimi.

Jioni moja chifu akaja nyumbani kwa mzee. Walikuwa wamechunga mbuzi pamoja utotoni, ingawa ukubwani hawakukubaliana lolote.

"Mwakio, sema neno moja tu," chifu alisema. "Askari wangu watavizoa vile vijitabu vyote vya Maghanga. Tutasema ni uchochezi."

Nikadakia, "Wavizoe, Mzee! Hata kesho!"

"Unaona?" chifu akacheka. "Kijana wako ana akili kukushinda."

Mzee alimsukumia chifu kikombe cha chai, kisha akanigeukia. "Wewe, ile sura ya mfereji uliisoma?"

"Niliisoma."

"Watu wawili wakigombana, maji yalifanywa nini?"

Nilijua jibu, mwanangu, na ndiyo maana lilinichoma. Mfereji ulipita katika mashamba ya watu wengi. Hata kama wewe na mwenye shamba la chini hamsalimiani, zamu yake ikifika ulifungua maji yapite. Ungeweza kubishana naye sokoni na hata msibani, lakini maji hukuyaziba. Aliyeziba hakufungwa na mtu. Alijikuta tu hana wa kumsaidia kulima.

"Yalipita," nikasema.

"Basi nikimzibia Maghanga, kitabu changu ni uongo. Atakuwa amenishinda bila kuongeza neno." Akanigeukia tena. "Na wewe, ulitaka uhuru, au ulitaka tu askari awe wetu?"

Chifu alimaliza chai yake, akasimama. "Wakikucheka usinililie."

"Nitachekwa. Karibu uje ucheke pia."

Siku ya soko iliyofuata aliniamuru nipange vitabu vya Maghanga kando ya vyake, meza moja. Watu wakapiga kelele, "Karani! Treni imerudi?" Naye akajibu, "Imerudi, na wewe nimekukatia tiketi ya kurudi darasani. Soma vyote viwili!" Usidhani wote walimwunga mkono. Wengine walisoma viwili, wakamkubali Maghanga. Hilo lilimuuma, nililiona usoni pake. Lakini meza haikubadilika.

Sasa turudi kwenye lori. Lilinishusha Bura jioni, ukungu umeshuka, baridi imenipenya mifupani, na sikumjua mtu. Dereva akanionyesha nyumba moja kwa kidole. "Mpenda vitabu hapa ni yule tu." Nikabisha hodi. Akafungua mzee mwenye sweta iliyochakaa viwikoni.

"Unauza nini?"

Nikatoa cha juu, kikawa cha Maghanga. Akakitazama, akanitazama. Ndipo nikajua niko mbele ya nani.

"Hiki umekitoa wapi? Nilisikia chifu wa huko anataka kuvizoa. Nimekaa hapa nikingoja habari mbaya."

"Mzee Mwakio alimkatalia, Mwalimu. Tunaviuza pamoja na vyake."

Alikigeuza kitabu mikononi. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasogea mlangoni, akaniachia njia.

"Bado amekosea, huyo karani," alisema. "Mwambie nimesema hivyo. Lakini ingia, vua viatu. Kitanda kiko, na chakula kipo motoni."

Mwanangu, siku hizi hamhitaji hata chifu. Mtu akikupinga unamwondoa kwenye kundi la simu kwa kidole kimoja, au unamwomba mkubwa fulani amnyamazishe. Nakusihi usifanye hivyo. Mjibu kwa nguvu zako zote, mcheke ukiweza, lakini mwache aseme. Uhuru unaoupenda kwako peke yako haujawa uhuru bado.

Mungu akulinde njiani. Na popote jioni itakapokukuta bila mwenyeji, akujalie mlango ufunguliwe na mtu mliyebishana naye.