Reli ya Futi Nne

Mabruki wa Kanyenye, Tabora, alifanya kazi ya ufundi wa reli miaka thelathini na mbili, na katika miaka hiyo yote hakuna injini iliyomshinda ila mke wake. Injini ikigoma utaifungua, utaona palipoziba. Batuli hakuwahi kugoma. Alipika, alifua, alilea watoto watatu, aliwacheka majirani waliostahili kuchekwa. Lakini kila alasiri, upepo ulipotikisa mabati ya nyumba, aliacha alichokuwa akifanya akageuza uso upande wa magharibi kama mtu aliyeitwa. Mabruki alikuwa akiona. Alikuwa akiona tangu mwaka wa arobaini na nne, walipooana.

Batuli alikuwa mtoto wa Ujiji, binti wa Ngollo, nahodha aliyekuwa akipakia mawese na dagaa ziwani. Ngollo hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akampandisha binti chomboni na kumtia demani mkononi, ile kamba ya kuzuia tanga na kuliachia. Watu wakasema, naye akawaacha waseme. Siku Mabruki, kijana wa karakana ya Tabora, alipokwenda kuposa, mzee alitaja mahari ndogo tu, kisha akaongeza sharti mbele ya mashahidi: "Siku utakayoacha kazi ya reli, mrudishe majini." Mabruki akaitikia haraka. Ahadi ni deni, na yeye aliitoa akiwa katika umri ambao mtu hudhani kustaafu ni jambo la wazee wengine.

Wakaja Tabora kwa gari moshi, wakiifuata njia ile ile ya misafara ambayo bibi zake Batuli waliikanyaga kwa miguu, mizigo kichwani. Tabora ni mji mzuri, mtu asikudanganye. Una asali, una mchele, una watu waungwana. Kasoro yake ni maji. Mwaka wa hamsini na moja Mabruki alimpeleka mkewe Ujiji kwa mazishi ya baba yake, na waliporudi Batuli hakucheka miezi mitatu. Tangu hapo, kila Mabruki alipoleta nyumbani pasi ya bure ya kusafiri, mke alimrudishia mkononi.

"Nikilifikia tena lile ziwa, sirudi, Baba Maua. Bora nisiende mpaka siku ya kwenda moja kwa moja."

Uhuru ulipokuja, injinia mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akifungasha virago alimwachia Mabruki mashua yake ya tanga iliyokuwa Kigoma. Ilikuwa kuukuu na fupi, ila ilikuwa na kijumba cha vitanda viwili na mahali pa kuweka jiko la mafuta ya taa. Kila likizo Mabruki alipanda treni peke yake akaenda kuitengeneza. Mwaka wa kwanza, mbao za chini. Wa pili, mlingoti. Usukani ulimla likizo mbili, na paa la kijumba likamla tatu. Wenzake karakanani walimtania kwamba Nabii Nuhu alimaliza mapema zaidi, naye akacheka pamoja nao. Lakini tusifichane: alikuwa akiogopa. Ameishi na mwanamke anayetazama magharibi. Akishamfikisha huko, atakuwa na haja gani tena na mtu wa kituo cha njiani? Mtu mzima, mvi kidevuni, alikuwa na wivu na maji ya ziwa, na kazi ya miaka mitatu akaifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka wa sabini na tatu alitimiza miaka hamsini na mitano. Akaandika barua ya kuomba kustaafu, na mashua ikabakiwa na kitu kimoja tu. Nyuma, karibu na usukani, palikuwa na ufito wa chuma uliolala kutoka ubavu hadi ubavu, na juu yake pete iliyoshika demani. Upepo ukibadilika, pete inatakiwa iteleze ihamie upande wa pili, na tanga liifuate. Kutu ilikuwa imeula ule ufito hata pete haikwenda popote bila kupigwa nyundo, na tanga lisilohama kwa wakati wake humwaga watu.

Hapo fundi wetu alitabasamu. Kitu cha kutelezea juu ya chuma! Aliomba kibali ofisini, akapewa kipande cha chuma cha behewa lililokufa, futi nne kamili, kimenyooka kama kimepigwa kamba. Akakipiga tupa kikawa reli, akaitengenezea toroli dogo la magurudumu manne ya shaba, kila moja sawa na kifungo cha koti. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mjenzi wa mashua angelifanya. Aliibana ile reli nzima kwenye jiliwa, akashika msumeno, akaikata katikati.

Batuli alikuwa uani akipepeta mchele. "Baba Maua, si ilikuwa nzima hiyo?"

"Reli huachiwa mwanya, Mama Maua. Jua likiwaka chuma kinatanuka. Isiyo na mwanya inapinda, gari linaanguka."

"Futi nne?"

"Reli ni reli."

Akavipigilia vile vipande viwili juu ya benchi la mninga, kati yao mwanya wa njiti ya kiberiti, akafunga kamba kwenye toroli. Batuli akauweka ungo chini, akaja, akaishika ile kamba. Hakuwa ameshika demani tangu aolewe. Akavuta, akaachia, na toroli likakimbia huku na huku, na kila lilipopita mwanya likalia ta-tak, kama behewa linaloingia stesheni. Alivuta mpaka kuku wakaumaliza mchele kwenye ungo. Mabruki alimtazama usoni, akajua kwamba sasa hana tena cha kutengeneza.

Jibu la ofisi lilikuja juma moja kabla ya safari. Mafundi wengi walikuwa wamehamishiwa reli mpya ya kusini; taifa linakuhitaji, ndugu; subiri miaka miwili vijana waive. Kwa sasa chukua likizo yako ya siku ishirini na nane. Mabruki aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakumwambia mkewe, ambaye alikuwa ameshagawa masufuria yake kwa majirani.

Walisafiri mwezi wa Julai. Kutoka Uvinza Batuli alisimama dirishani na hakuketi tena mpaka Kigoma. Mabruki akafunga reli yake kwenye mashua, na asubuhi ya tatu wakatweka tanga kuelekea Ujiji, Batuli akishika usukani kwa mkono mmoja na demani kwa mwingine, kama aliyeshuka chomboni jana. Mabruki alikaa kwenye mlango wa kijumba. Alimwona mkewe akiwa msichana, msichana ambaye yeye hakuwahi kumjua, na moyo ukamwuma.

Walipotaka kugeuka waingie ufukweni, tanga lilivuka, toroli likalifuata, likafika katikati na gurudumu likazama mwanyani. Kule Kanyenye lilikuwa likivutwa kwa mkono wa mtu. Hapa lilivutwa na upepo wa ziwa zima. Likakwama. Mashua ikalala ubavu, maji yakachungulia ndani, na Mabruki akaenda kwa magoti kutafuta nyundo.

"Acha!" Batuli akanyanyua mguu, akalipiga toroli kwa kisigino. Ta-tak. Likavuka, mashua ikainuka. Naye akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni ambacho Mabruki, katika miaka ishirini na tisa ya ndoa, alikuwa hajakisikia hata siku moja. "Reli ni reli, Baba Maua!"

Walifikia kwa Swaumu, mdogo wake Batuli, aliyekuwa mjane. Siku zilikwenda mbio. Siku ya ishirini na sita Mabruki aliitoa ile barua mfukoni akampa mkewe. Batuli alikuwa amejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima. Akaifuata kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye muhuri.

"Ulikuwa nayo tangu Tabora."

"Nilikuwa nayo."

"Nilikwambia mwaka wa hamsini na moja. Mimi sirudi." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Mabruki angepata nafuu.

Akarudi peke yake. Maua, binti yao aliyeolewa mtaa wa Cheyo, hapo hapo Tabora, alimletea chakula kila siku, naye akala nusu. Ungo wa Batuli ulikuwa ukutani pale pale. Kuku waliingia jikoni na kutoka, hakuna wa kuwakemea. Na alasiri, upepo ulipotikisa mabati, Mabruki alijikuta ameshusha tupa na kugeuza uso magharibi. Siku ya kwanza alijicheka. Siku ya kumi hakujicheka tena. Kumbe ndivyo alivyoishi yule mwanamke, na mimi nikiona tu upepo, alijiambia. Alimtaka mkewe kwa uchungu ambao hakuujua hata ujanani.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alitafuta chuma kingine, akatengeneza reli mpya, nzima, isiyo na mwanya, laini hata toroli jipya lilikimbia bila sauti. Akaifunga kwenye gunia akampa Tobias, gadi wa treni ya Kigoma, aipeleke Ujiji. Barua hakuandika. Angeandika nini?

Baada ya majuma mawili Tobias akabisha hodi na gunia lile lile begani. "Mzee, imerudi. Na ina karatasi."

Ilikuwa barua ya kwanza ya Batuli maishani mwake. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimepanda juu ya mstari.

"Baba Maua, salamu. Reli nimeipata, tumeijaribu. Ni nzuri, inateleza, lakini hailii. Ile yako ya kwanza ikipita mwanya inalia kama treni ya Tabora, na mimi hugeuka nikatazama mashariki. Nimeirudisha palepale mashuani. Sitaki isiyolia. Ukiona hii lazima ifungwe, ije na fundi wake. Mkeo, Batuli."

Mabruki aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi.

Asubuhi alipita mlango wa karakana bila kuingia, akaenda ofisini gunia likiwa begani. Mkuu wa karakana alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika tupa. Aliinuka kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Umebeba nini?"

"Marahaba. Reli. Inatakiwa Ujiji."

"Si umpe gadi aipeleke?"

"Gadi alishaipeleka," Mabruki akasema. "Wameikataa bila mimi."

Kisha akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi ile, akailaza reli magotini. Akamwambia kijana asiwe na haraka ya kuandika barua ya kumstaafisha. Treni ya Kigoma inaondoka jioni.