Wasiotaka Kuachana

Filister aliolewa Ndhiwa kutoka Karungu, na tangu mumewe afariki alilima peke yake shamba la mtama lililoteremka hadi ukingo wa mto Kuja. Panzi wa pale aliwazoea. Walikuwa wa kijani, kila mmoja na jani lake, na mmoja akisogelewa na mwenzake aliruka akaenda zake.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Malisho ya juu yalikauka yote, pakabaki kijani mtoni tu, eneo lisilozidi boma la ng'ombe. Wadudu wote wakateremkia hapo. Kila alipokwenda kuchota maji Filister aliwakuta wameongezeka, wanakanyagana. Asubuhi moja hakuona hata mmoja wa kijani. Makinda ya panzi yalikuwa ya manjano yenye mabaka meusi, na alipopiga kichaka kwa fimbo hayakutawanyika. Yalisogeleana. Akaondoka bila maji.

Kemuma, afisa wa kilimo, alipoitwa alipiga magoti pale mtoni akawatazama wadudu wale. Filister akamuuliza wametoka nchi gani.

"Hawajatoka popote, mama. Ni wale wale uliowazoea," akasema Kemuma. "Nzige akiwa peke yake hufanana na panzi tu. Wakisongamana, wakawa wanagusana miguu kutwa, hugeuka rangi na tabia. Sasa hawataki kuachana. Na bado hawajaota mabawa."

Dawa ingechelewa. Kemuma akashauri wachimbe mtaro wa kuwakatia njia, wakitumbukia wafukiwe. Mtaro ulipaswa kupita kwenye mtama wa Filister na wa shemeji yake Omondi, na mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke. Filister aliufyeka wake machozi yakimtoka. Omondi alisimama mpakani, akakataa.

"Nyar Karungu," alisema, akimwita binti wa huko alikozaliwa, "wewe fyeka wako. Wangu ndio chakula cha watoto."

Filister akashika jembe. Majirani wakachimba nusu ya mtaro, hadi mpakani tu.

Jua lilipopanda wadudu walikuja, wote wakielekea upande mmoja, na mchakacho wao ulisikika kama makapi yanayoungua. Wengi walitumbukia, watu wakafukia hadi viganja vikachubuka. Wa nyuma hawakusimama. Walifika mtaro ulipoishia, wakapinda, wakaingia kwa Omondi. Mkewe Risper alipiga sufuria na mayowe mpaka sauti ikamkauka. Kufikia jioni yalibaki mashina matupu.

Kwenye mashina hayo ndiko walikojivua ngozi kwa mara ya mwisho, wakaota mabawa. Siku waliyoruka, kivuli chao kilifunika paa baada ya paa. Omondi alikuja kwa Filister, akaketi mlangoni bila salamu. Filister akampa uji.

Upepo ukageuka, ukawapeleka nzige kuelekea Rongo, alikoolewa Roseline, dadake Filister. Huko walikuwa hawajavuna. Filister akampigia simu. Ikaita, ikaita, haikupokelewa.